Feni za Koboko na Macho ya Mama

Mvara, Arua
Uganda

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa sababu ya kwanza ni yako ya kila siku na ya pili ni ya macho yako mapya. Nimeandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, maana Dada Rehema amesema daktari hataki uyakaze. Ukichoka weka karatasi chini, kunywa chai, utaendelea baadaye. Ila usimpe Rehema akusomee. Akisoma yeye ataruka sehemu anazosemwa, na humu atasemwa.

Habari za hapo nyumbani? Jicho la kulia bado linatoa machozi jioni? Dawa ya matone unajiwekea mwenyewe au mpaka uwekewe? Na kuku, sasa kwa kuwa unawaona, umegundua kwamba wamepungua? Mimi nilisema zamani kwamba kuku wa nyumba hiyo wanapungua, mkaniambia niko mbali, najuaje. Mimi ni mzima wa afya. Nakula, nalala, nasali nikipata nafasi. Kiangazi cha mwaka huu kimetukausha huku, vumbi mpaka kwenye kikombe, lakini huo siyo ugonjwa.

Uliniambia kwenye simu, "Dija, niandikie barua ya karatasi. Kisomo chote kile nilichohangaika nacho ukubwani, halafu miaka yote hii mnanisomea. Sasa nataka nisome mwenyewe." Nikafurahi. Halafu ukaongeza kwa ile sauti yako ya chini, ambayo bora mtu achapwe fimbo: "Nimeshaona watu wote. Nimemwona mpaka mbuzi wa jirani mwenye pembe moja. Wewe tu sijakuona." Mama, maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Nilikuahidi kwamba siku wanakufungua kitambaa nitakuwa nimesimama mbele yako, na sikuwepo. Rehema naye akanitumia sauti kwenye simu, ndefu kama hotuba ya mwenyekiti, kwamba nimeshakuwa mtu wa Uganda na nimesahau nilikozaliwa. Basi nakueleza kilichonizuia, na ukimaliza kusoma uamue mwenyewe kama nimekusahau. Kilichonizuia ni feni. Feni za kompyuta, ndogo, moja unaishika kwa kiganja.

Bosi wangu Adriko unamjua kwa maneno tu. Ni Mlugbara wa hapa hapa Arua, mtu mwenye tumbo kubwa na moyo mkubwa, sitaki nimseme vibaya kabla sijafika mahali pa kumsema vibaya. Mali yake ameipata kwenye sola. Huku watu wamekaa miaka mingi na umeme wa nguzo usioaminika, kwa hiyo wamejifunza kuishi na betri. Paneli juu ya bati, betri chini ya kitanda, na kutoka kwenye betri unatoka waya mmoja unaozunguka nyumba nzima. Taa ya sebuleni imeungwa hapo, ya jikoni hapo, redio hapo, simu za majirani hapo hapo. Ukitaka kuongeza kitu unachuna waya popote, unaunga, unazungushia tepu, kazi imekwisha. Kila mtu anajua kufanya hivyo, hata mama anayeuza mihogo sokoni Inde, na kitu kikiwa kimeandikwa volti kumi na mbili hakiulizwi swali la pili. Kwa taa ndogo za sola hakuna ubaya. Ubaya ulianza bosi alipoipeleka akili hiyo ndani ya kompyuta.

Ana studio ya video kule Koboko, mji ulio mbele yetu ukielekea mpaka wa Sudan Kusini. Wanapiga picha harusi na mazishi, hasa mazishi. Mimi kazi yangu iko dukani Arua, kutengeneza kompyuta na printa. Studio anakaa Mapenzi, dada wa Kikongo kutoka Ariwara, ndiye anayekata hizo picha na kuziunga kwenye kompyuta moja kubwa yenye nguvu. Chumba chenyewe ni bati tupu bila dari, na dirisha lake moja linatazama jua la alasiri. Ile mashine ikifanya kazi nzito ilikuwa inapata moto na kujizima katikati ya kazi. Nilimwambia bosi zamani, weka dari, au ihamishie chumba cha nyuma. Akaitikia, akasafiri kwenda Kampala, akarudi na feni nne. Zilikuwa zimetolewa kwenye mitambo mikubwa ya maofisini, nene kama matofali, ukiwasha moja tu mnaanza kuongea kwa kupigiana kelele. Alizileta mwenyewe mapajani kwenye basi.

Sasa sikiliza. Siku ile nilikuwa nimeshafunga begi. Tiketi ya basi la Kampala ninayo mkononi, kanga zako nimeshazikunja, na madaktari wa macho walikuwa wameshakuwekea kitambaa. Simu ikalia.

"Mwalimu," bosi akasema. Ananiita hivyo kwa sababu ya Kiswahili changu, eti naongea kama redio. "Kuja Koboko sasa. Mashine inakufa."

"Bosi, leo nasafiri. Ulinipa ruhusa."

"Mutu ya Abuku iko hapa, iko nalia. Kuja ona tu, halafu unaenda."

Nikaja kuona tu. Yule mtu wa Abuku, kijiji cha jirani na Koboko, mkulima mmoja mtu mzima, alikuwa kweli amekaa kwenye benchi ameshika tama. Baba yao alizikwa mwaka jana, studio ikapiga picha, na ukoo mzima umealikwa siku ya kumbukumbu uje uione filamu hiyo chini ya turubai. Ng'ombe ameshafungwa kamba. Picha zenyewe zilikuwa salama kwenye diski, lakini hakuna mashine nyingine ya kuzimaliza.

Niliifungua kompyuta na harufu ikanipiga puani kabla sijaona kitu. Plastiki iliyoungua. Mama, ndani ya kompyuta kuna ubao mkuu ambao kila kitu kimechomekwa juu yake, na pembeni mwa ubao huo kuna vijitundu vya kuchomekea feni. Kila kitundu kimewekwa kwa ajili ya feni moja ndogo, ya unywaji wa kawaida. Feni za bosi, hata moja peke yake, inakunywa umeme kuliko kitundu kinavyoweza kutoa, tena imeandikwa ubavuni, ampea ngapi, huhitaji hata kupima. Na feni ikianza kuzunguka kutoka kusimama inakunywa zaidi kuliko ikishashika mwendo. Bosi alichukua zote nne, akazigawia waya kutoka kitundu kimoja, akabonyeza swichi. Ni kama bomba letu lile la mtaani lenye uzi wa maji, halafu uchomeke mipira minne ya kumwagilia shamba. Tofauti ni kwamba bomba litakauka tu, waya unawaka moto. Kile kitundu kilikuwa kimeyeyuka na kugeuka rangi ya kahawia, na ubao chini yake umebabuka.

"Bosi, nani aliunga hizi?"

"Mimi." Alisema kwa fahari kabisa.

"Zote kwa kitundu kimoja?"

"Umeme iko kumi na mbili, feni iko kumi na mbili. Shida iko wapi?"

"Shida siyo volti. Shida ni kiasi zinachokunywa."

"Nyumbani kwangu waya moja nabeba taa ya nyumba yote, na tivii."

"Ule waya unatoka kwenye betri na ni mnene, bosi. Hapa njia iliyoko ndani ya ubao ni nyembamba kama uzi wa kushonea."

"Mwalimu, maneno yako iko mingi. Wewe tengeneza."

Nilimwambia pale kwamba chumba cha nyuma ndimo yeye na wanawe wanamolala wakija Koboko, na kama Mapenzi asingenusa harufu ile mapema, tungekuwa tunaongea mengine. Akatazama ule mlango wa nyuma kidogo. Halafu akapiga simu Kampala kuagiza ubao mpya.

Ubao ulikuwa hauji kesho wala keshokutwa, kwa hiyo nikasema, vizuri, mimi naenda zangu, nitarudi ukishafika. Bosi akaniuliza kwa utaratibu kabisa, "Nani amekufa?"

Hapa lazima nikueleze, maana Rehema hataelewa hata ukimchorea. Kwa bosi huyu, na siyo kwake tu, msiba haupingwi. Mfanyakazi akisema amefiwa, hata kama ni binamu wa jirani, kazi inasimama hapo hapo. Bosi anatoa gari, anatoa sukari, anatoa turubai, na yeye mwenyewe anakwenda kukaa chini na waombolezaji mpaka watu wanazika. Ni jambo zuri, nimeliona, nilipokuwa mgeni huku lilinitoa machozi. Lakini ukimwambia unataka kwenda kumwona mtu aliye hai, anakutazama kama umeomba kwenda disko. Aliye hai anaweza kusubiri. Ile ruhusa yangu ya kwanza niliipata kwa kumganda mwezi mzima, na kazi ilipoharibika ikafutika kama haikuwahi kuwepo.

Mapenzi akanivuta pembeni. "Weye dada, unajitesa bure. Sema tu mutu alikufa. Batakuacha wende leo leo."

"Nimuue nani?"

"Ua hata shangazi. Miye nilishaua bashangazi batatu, na moja anakuyaka kunitembelea hapa hapa. Bosi anamupatiaka soda."

Nilicheka, halafu hasira zikanirudia. Shangazi Mwanne yuko hai na ulimi wake ni mrefu, akisikia nimemzika Koboko atanitafuta mpaka anipate. Lakini siyo hilo. Wewe umetoka kufanyiwa operesheni, Mama, uko na kitambaa machoni, halafu mimi nisimame mbele ya mtu nitamke neno kifo ili nipate basi. Ulimi ulikataa. Mwite mwanao mjinga. Basi likaondoka na kiti changu kitupu.

Nilikuwa nyuma ya studio, nimesimama katikati ya majenereta mabovu, Rehema alipopiga siku ya kukufungua. Alishika simu karibu na wewe lakini hakukwambia kwamba mimi niko kwenye laini, na hilo la kutokwambia bado namdai. Nikasikia kitambaa kinatoka. Halafu nikakusikia unasema, "Kumbe bati la jikoni limeshika kutu hivi." Halafu, "Rehema, umenenepa." Halafu ukauliza, "Dija yuko wapi?" Rehema akasema, "Yuko kazini." Nilikata simu. Nililia pale mpaka Mapenzi akaja na maji ya kunawa.

Ubao ulipofika niliufunga, nikarudisha feni ndogo za zamani ili angalau mashine iamke, nikamwambia bosi kwa Kiswahili cha kwangu na cha kwake: "Hizi kubwa hapana gusa. Naenda Arua kutafuta waya zake zinazofaa. Hapana gusa, bosi." Akasema sawa, sawa, mwalimu. Nikakubali maneno yake, si nilitaka kumaliza niondoke?

Niliporudi nilizisikia zile feni nikiwa bado barabarani. Ninaingia, kompyuta imezimwa kabisa, skrini nyeusi, na feni zote nne zinavuma kama zinataka kuruka na sanduku lake. Waya zimepita dirishani mpaka kwenye betri ya sola iliyoko barazani. Bosi kasimama katikati, shati linapepea.

"Sasa mimi hapana gusa ubao yako," akasema. "Mimi napatia feni umeme yake, ubao napata umeme yake. Kila mutu iko na sahani yake."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nusu alikuwa ameelewa. Kweli feni kubwa zisilishwe na ubao. Lakini betri ya sola mchana inapochajiwa inapanda kupita volti kumi na mbili, na feni hazikuwa na kitu cha kuzipunguzia mwendo wala cha kuzizima, zikawa zinainywa betri hata mashine ikiwa imelala. Tena katika shauku yake alikuwa ameng'oa hata ile feni ndogo ya katikati, inayopoza moyo wa kompyuta, akaweka moja ya kwake. Nikabonyeza swichi. Kompyuta ikawaka, ikaandika kwenye skrini kwamba haioni feni, ikagoma hapo hapo.

"Unaona?" bosi akasema. "Ubao mpya nayo iko mbovu. Kampala nadanganya mimi."

"Bosi, feni ina waya nne. Mbili za kulishwa, moja ya kuamriwa mwendo, moja ya kutoa taarifa kwamba inazunguka. Ubao unasubiri taarifa. Hizi waya nyingine mbili ziko wapi?"

Alinionyesha sakafuni. Alikuwa amezikata na mkasi wa Mapenzi wa kukatia riboni za harusi. "Hii ilikuwa ya maua tu," akasema.

Ya maua, yaani mapambo. Mama, unanijua, mimi siyo mtu wa kupaza sauti kwa mkubwa, mlinilea. Lakini siku ile nilishindwa. Nilimwambia, "Bosi, naomba utoke nje." Mapenzi akaacha kutafuna. Yule mzee wa Abuku, ambaye alikuwa amekuja tena kuulizia filamu yake, akatazama ukuta. Na bosi akatoka. Alikwenda kukaa barazani juu ya jerikeni, na tumbo lake lote, kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Basi nikafanya kazi kwa utulivu. Nilizima kila kitu na kuchomoa waya ukutani kwanza. Nikarudisha feni ya katikati kwenye kitundu chake, ile ile ndogo, ambayo haikuwa na kosa lolote. Kati ya zile nne za bosi nilichukua mbili tu, zile ambazo hakuzikata mkia, maana mbili zilitosha na zaidi. Nikazipa chakula moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai, sanduku linaloleta umeme ndani ya kompyuta, kwa plagi pana zenye waya nene, na kila feni na plagi yake, hakuna kugawana mkia. Kwenye ubao nikachukua zile waya nyembamba tu, ya amri na ya taarifa. Kwa hiyo ubao unaziambia zikimbie au zipunguze, lakini hauzilishi. Nikafunga waya zote mbali na mapanga ya feni. Halafu nikampa Mapenzi aiendeshe kazi nzito kuliko zote, na mimi nikakaa pembeni nashika plagi kwa kidole kila mara, kama wewe unavyoshika paji la uso la mtoto. Zilibaki baridi. Na kelele ilipungua, tukawa tunasikiana.

Mapenzi akapigilia mikeka chini ya bati, joto la chumba likashuka. Lile la dari, unakumbuka, ndilo nililosema mwanzo kabisa. Nilimtazama tu bosi, na yeye akatazama mikeka.

Filamu ikaisha, tukaipeleka Abuku wenyewe, maana bosi alitaka niwepo isije ikagoma mbele ya watu. Haikugoma. Mjane wa yule marehemu alibebewa kiti, akaomba kisogezwe, kikasogezwa, akaomba tena, mpaka akawa karibu aguse kitambaa cha skrini kwa pua. Hakuona vizuri, nadhani. Alikuwa anamtafuta mumewe kwa karibu vile vile ulivyokuwa unatutafuta sisi, ukishika uso wa mtu kwanza ndiyo umwite jina. Sikuweza kukaa pale. Nikaenda kusimama kwenye gari.

Tulipokuwa tunarudi Arua bosi alikuwa na furaha, watu wa Abuku walimpa paja zima la ng'ombe. Akaanza kunieleza kwamba sasa kwa kuwa nimejua hizi feni, kuna rafiki zake wengine Koboko wana mashine zenye joto, na zile mbili zilizobaki tusizitupe, waya zake nitaziunga. Tulipofika dukani nikamwambia, "Bosi, naenda nyumbani."

"Nani iko mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Nani amekufa?"

Mapenzi, aliyerudi nasi garini, alikuwa nyuma yangu na nikamsikia anakohoa makusudi, ananipa nafasi.

"Hakuna aliyekufa, bosi. Mama yangu alikuwa haoni miaka mingi. Sasa anaona. Ameona watu wote, amebaki mimi."

Alikuwa ameshika lile paja la ng'ombe kwenye gunia, akaliweka chini polepole, akafuta mikono kwenye suruali. Nilijua sasa ataniambia aliye hai anaweza kusubiri, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumjibu, maneno mabaya, ambayo yangenifukuzisha kazi.

"Mimi napatia watu ruhusa kila siku," akasema, "kwenda ona mutu yenye hapana ona wao tena. Mama yako iko naona." Akakohoa. "Enda. Kwa nini wewe hapana sema hivyo mbele?"

Nilisema, Mama. Nilisema mwezi mzima. Lakini nilimeza, nikasema asante.

Halafu akaingia dukani akarudi na kufuli. Akasema kabla sijasafiri nipite Koboko niifunge ile kompyuta kwa kufuli, sanduku lake lote, na funguo niende nazo Tanzania. "Kama iko hapa mimi nitafungua," akasema. "Mimi najijua." Nimeshaifunga. Funguo ziko kwenye mkoba wangu, na hiyo ndiyo ruhusa yangu, maana hakuna atakayeweza kunipigia simu kwamba bosi amegawa tena waya.

Naondoka Mapenzi akisharudi kukaa studio. Yuko Ariwara kwenye msiba, na safari hii kila mtu anajiuliza kama ni wa kweli. Barua inanitangulia. Anakuja nayo dereva wa lori, Mtanzania mwenzetu aliyeleta mchele, ataishusha Singida mjini dukani kwa shemeji, mume wa Rehema, naye atakuletea hapo kijijini akiacha uvivu.

Nisalimie Mjomba Ramadhani na mbuzi wake, mwambie jembe alilosema nitamletea nimeshasahau ni la aina gani. Nisalimie Shangazi Mwanne, mwambie nilikataa kumuua, atakueleza mwenyewe kama anashukuru. Wanangu wa Rehema wote wabusu. Rehema mwenyewe msalimie, halafu mwambie siku nyingine akiniweka kwenye laini awaambie watu kwamba nipo.

Kuna jambo moja, Mama, na hili sijamwambia mtu. Naogopa kidogo. Macho yako yalianza ukungu mimi naenda chuo Kampala, na sura yangu uliyonayo ni ya msichana yule, mwembamba, mwenye nywele nyingi. Atakayekuja ni mwanamke wa makamo. Nina mvi za mbele, nimetanuka, nina miwani, na mkono wa kushoto una alama ya moto wa kulehemu ambayo sikuwahi kukuambia. Watu wote hapo umeshazoea sura zao mpya, wewe na mimi bado. Nimewaza sana kwamba utanitazama uulize huyu mgeni ni nani, na kama utauliza, sijui nitasimamaje.

Kwa hiyo nikifika usikimbilie mlangoni. Kaa ulipo, ufumbe macho. Mimi nitapiga hodi, nitakuamkia kama kila siku kwenye simu, niongee mpaka uwe na uhakika kwamba ni mimi. Ukishanijua kwa masikio, ndiyo ufumbue.

Ni mimi mwanao,
Hadija